Nilivyoiacha Kazi ya Kuita Watu

Jumapili iliyopita palikuwa na mzazi Kibokoni, siku ya tatu tangu ajifungue. Mamake yuko bara, dada hana, na mumewe, masikini, ni fundi wa bandarini asiyejua hata jiko lawashwa vipi. Nyinyi wasichana wa chama mko kumi na wawili. Waliokwenda ni wanne. Nilipouliza mkutanoni wengine walikuwa wapi, wawili wakasema niliwaita nikiwa nimesimama njiani, na huko si kuitwa. Wa tatu, ambaye kwao nakujua na mamake namjua, akafungua kinywa akasema, "Lau tungeitwa na Kadzo, tungekwenda."

Nilirudi nyumbani nikiwaka. Nikanyonyesha nikiwaka, nikapika nikiwaka, wali ukaungua. Ndipo nikachukua kalamu. Kadzo alikuwa amekwenda kwao Kaloleni siku hizo, na mimi nilimshikia kazi yake tu. Kazi yake! Hebu niwaeleze ilikuwa ya nani.

Kazi ya kuita watu nimeifanya mimi miaka saba, tangu tisini na moja, na mwaka jana nikastaafu. Chekeni. Nina miaka thelathini na moja, mvi sina, mtoto wa mwisho bado yuko titini, na nimestaafu. Mshahara haukuwapo, kiinua mgongo hakikuwapo. Nilichobaki nacho ni nilichojifunza, na wivu. Nitawapa vyote viwili, mtajua wenyewe cha kufanya navyo.

Kwa walioingia juzi: watu hutuita chama cha uji. Mwanamke akijifungua kisiwani hapa na hana mtu wake wa kumtazama, sisi humtazama mpaka arobaini yake itimie. Mmoja ampikia uji wa pilipili manga, mmoja amkanda kwa maji moto, mmoja afua, mmoja ashika mtoto ili mama apate usingizi. Dini hatuulizi, kabila hatuulizi. Mwitaji ndiye apitaye nyumba kwa nyumba kuwaambia watu zamu zao. Na haendi mtu bila kuitwa. Sheria hii haikuletwa na kiburi. Kabla yake, kuna mzazi mmoja wa Kuze aliyeletewa vyungu vitatu vya uji asubuhi moja, kila mwenye chungu amemkazia macho anywe chake kwanza, na kesho yake hakuona hata kikombe.

Aliyenifundisha ni Bi Mwanakombo, aliyekianzisha chama. Siku ya kwanza alinichukua nyuma yake kama kivuli. Nyumba ya kwanza nikabisha mwenyewe, nikaingia, nikakuta mama wa watu ana samaki ndani ya mafuta. Nikamweleza habari ya mzazi tangu mwanzo mpaka mwisho. Akanijibu ndiyo, ndiyo, inshallah. Tulipotoka Bi Mwanakombo akanambia, "Huyo haji."

"Si amekubali?"

"Amekukubalia wewe uondoke, samaki wake wasiungue. Mwanangu, mtu haitwi akiwa na kitu motoni. Nenda saa tatu, wanaume washatoka na chakula cha mchana bado."

Nimeshika mengi kwake. Kwenye nyumba yenye mavyaa, anza na mavyaa: muombe ruhusa hata kama hana haja ya kuombwa, na yeye mwenyewe atamsukuma mkaza mwanawe mlangoni. Usikae kitako, maana ukikaa utaletewa kahawa, ukinywa kahawa utaletewa matatizo, na mwisho utaondoka wewe ndiwe uliyeombwa. Usiseme "njoo utusaidie," hakuna ajuaye hilo ni kubwa kiasi gani. Sema "njoo na ndimu nne, umfulie nguo za mtoto, saa sita ushamaliza." Anayekwambia "nikipata nafasi," mfute. Anayelalamika, anayekuuliza kwa nini kila siku ni yeye, kwani wengine wamekufa, huyo muandike kwa wino. Yuwaja.

Na jambo la mwisho, ambalo nililicheka wakati ule. "Tazama miguu," alinambia. "Mdomo una mambo mengi. Ukimkuta mwanamke ndani ya nyumba yake amevaa viatu, huyo alikuwa akikungoja. Wewe muombe tu, na usimwambie kwamba umeviona."

Basi. Miaka mitatu nilifanya kama nilivyofundishwa. Halafu nikajiona mjuzi. Mimi nina fomu foo, jamani. Hati yangu mwalimu alikuwa akiionyesha darasa zima. Kwa nini nichakaze kandambili kupanda ngazi za watu, kubisha hodi, kuuliza hali ya kila mgonjwa wa kila nyumba, wakati naweza kuandika? Nikanunua daftari, nikakata kila ukurasa vipande viwili, nikapiga mistari kwa rula. Kila kikaratasi: "Unatakiwa kufika kwa mzazi, Jumatano, saa nne kamili. Usichelewe." Jina juu, sahihi yangu chini. Navisukuma chini ya milango, nusu saa nimemaliza mtaa mzima.

Watu wakaanza kupungua. Mimi nikasema ni uvivu wao. Nikaongeza ukali wa maandishi. Nikaanza kupiga mstari chini ya "Usichelewe."

Sasa nimfikie Kadzo.

Kadzo alikuja kisiwani na mumewe, wakapanga chumba kimoja nyuma ya nyumba kubwa mtaani kwetu, na huko akajifungua. Hakuwa na mtu. Mimi ndiye niliyempangia zamu. Mimi, kwa mikono hii, nilimpikia uji siku nne, kwa sababu wenye vikaratasi hawakutokea. Kumbukeni hilo mnapomsifu. Arobaini ilipotimia akaanza kukaanga kachiri za muhogo barazani na kuzipitisha mitaani kwenye sinia, mtoto mgongoni. Akaja kwenye mkutano wetu akasema naye ataka kusaidia.

Hajui kusoma. Hajui saa. Ukimwambia saa nne atakuja saa tano na robo, anacheka kabla hajafika, wamsikia tangu pembe ya njia. Ana cheko la kuudhi. Nami nilimnunulia kachiri siku moja, akanifungia kwenye karatasi, nikafika nyumbani nikafungua, nikala moja, nikaona wino wa buluu. "Unatakiwa kufika kwa mzazi." Mafuta yamepita katikati ya jina langu.

Nikarudi mbio. "Kadzo! Hii umeitoa wapi?"

"Aa, Mama Nuru, hizo napewa na wanawake. Ni nzuri, ngumu. Za gazeti hupasuka."

Akacheka. Wallahi alicheka.

Halafu ikaja habari ya Ganjoni. Mzazi alikuwa ghorofa ya tatu, mapacha, na maji ya mfereji hayapandi mpaka juu. Muuza maji na mkokoteni wake huishia chini. Nikaandika vikaratasi vinane. Jumatatu saa nne nimesimama chini ya ngazi na madumu, wakaja wawili, na mmoja wao alikuja kunambia hawezi kuja. Nimeshika dumu langu, nimefika ghorofa ya kwanza, roho yanitoka, nasikia lile cheko. Nachungulia chini: Kadzo, na nyuma yake wanawake sita wamefunga kanga kiunoni. Watatu kati yao nilikuwa nimewaandikia karatasi.

"Nani amewaita hawa?" nikauliza.

"Mie napita tu na sinia langu," akasema. "Nikawaambia mwenzetu yuko juu huko hana maji ya kuogea, mie naenda, nani tufuatane?"

"Na zamu?"

"Zamu nini tena, Mama Nuru? Shika upande huo."

Maji yalijaa kila chombo ndani ya ile nyumba, hata birika la chai. Na yule mzazi, niliyekuja kumuona mara tatu kabla ya siku ile, akanishika mkono tulipokuwa tukiaga. Nikadhani atanishukuru. Akaniuliza, "Yule anayecheka atakuja na kesho?"

Nilitembea toka Ganjoni mpaka mjini peke yangu, kwa miguu, wao mbele wanapiga soga. Niseme kweli, kwa kuwa sina sababu ya kuwapaka mafuta: nilitamani ateleze. Si avunjike, ateleze tu, sinia limwagike, mtu amcheke yeye.

Wiki ile ile nikasimama mkutanoni. Nikasema chama kina utaratibu, na utaratibu una mwenyewe. Tangu leo asiende mtu kwa mzazi yeyote, wa karibu au wa mbali, ila awe na karatasi yangu mkononi. Asiye na karatasi akae kwake. Nikamtazama Kadzo nikiyasema. Bi Mwanakombo alikuwa pembeni, macho yashaanza kumpotea, akasema taratibu, "Haya. Wewe ndiwe mwitaji." Wanawake wakaitikia, "Haya." Kadzo naye, "Haya, Mama Nuru." Nikarudi nyumbani nimefura kama andazi.

Mimba yangu ya tatu ilikuwa na miezi saba.

Nilijifungua salama, mtoto wa kike, nikarudishwa nyumbani siku ya pili. Mamangu yuko Lamu na magoti hayamruhusu safari. Mavyaa hakuwahi kuniona, alikufa zamani. Mume wangu hushughulika na samaki Liwatoni, kwenye vyumba vya barafu, atoka alfajiri arudi ananuka. Sikuwa na wasiwasi. Nimeita watu miaka saba, nimewapanga kwa wazazi wangapi sijui. Nililala nikiwaza nani atatangulia.

Siku ya kwanza hakuja mtu. Nikasema wananipumzisha.

Siku ya pili hakuja mtu. Mume wangu akapika uji kabla ya kutoka. Alitia pilipili manga kama anayempikia adui, na mabonge ndani. Nikaula. Nuru na mdogo wake nikawapa mkate mkavu. Nguo za mtoto zimejaa beseni.

Siku ya tatu nilijiburura mpaka dirisha la ghorofani kwetu, nikakaa nyuma ya ubao wa dirisha, nikawa nasikiliza njia. Nyinyi hamjui masikio ya mzazi anayengoja. Nilitambua kila kandambili. Huyu ni Mama Zuhura, apunguza mwendo mlangoni kwangu, asimama, aenda. Huyu ni jirani, asimama, aenda. Halafu lile cheko. "Kachiri! Kachiri moto!" Na wanawake wamemzunguka pale pale chini yangu, sauti zao nazijua moja moja, wananong'ona. Nikasikia jina langu.

Basi nikaelewa, au nilijidanganya nimeelewa. Amewageuza. Nimempikia uji siku nne, na yeye amenichukulia watu wangu wote, mmoja mmoja, kwa kuchekacheka. Nililia mpaka maziwa yakachuruzika. Kilichoniuma zaidi hakikuwa njaa wala nguo chafu. Niliwaza: angekuwa Kadzo amelala hapa, wangegombania mlango.

Siku ya nne nikafungua dirisha kwa ngumi.

"Kadzo! Umewapa nini wanawake wa watu?"

Akainua uso, sinia kichwani. "Salama, Mama Nuru? Mtoto hajambo?"

"Usiniulize mtoto! Siku nne! Nimelala hapa kama gunia, hata jirani hajaniletea maji. Umewaambiaje?"

"Sijawaambia kitu. Twangoja."

"Mwangoja nini? Nife?"

"Karatasi."

"Karatasi gani?"

"Si ulisema asiye na karatasi akae kwake?" akasema Kadzo. "Nimepita kila siku kuuliza kama kuna aliyepata. Hakuna. Mama Zuhura ana chungu cha uji tangu juzi, aja mpaka mlangoni arudi nacho. Aogopa utamsema."

"Kadzo, mimi ndimi mzazi! Nitajiandikiaje karatasi mwenyewe?"

"Ndilo tulilokuwa tukiulizana hapa," akajibu.

Sauti moja ikacheka chini, ikajizuia. Nyingine ikafuata. Halafu njia yote ikapasuka, na mimi juu, nimeshika dirisha, nywele timutimu, nikawa sijui nilie au niwatupie beseni.

Kadzo akapanda. Akasimama kwenye kizingiti cha chumba changu, hakuingia. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Niambie kweli. Ni kuogopa tu?"

"Wengine waliogopa," akasema. "Wengine waliona tamu kidogo."

"Na wewe?"

"Mie niliona tamu siku ya kwanza. Jana sikulala."

Nikamwonyesha daftari juu ya kabati. "Lete niandike."

"Mie sisomi, Mama Nuru. Nikiipeleka sitajua yasema nini. Nambie kwa mdomo, nitafikisha."

Nikafungua kinywa niseme "wanatakiwa." Neno lile lilikuwa limekaa tayari ulimini miaka yote ile. Mtoto analia, mgongo wauma, na mwanamke niliyemuonea wivu kuliko wote kisiwani amesimama mlangoni kwangu na mafuta ya kachiri kwenye vidole, angoja. Tangu niache kupanda ngazi za watu sikuwa nimemuomba mtu kitu. Nilikuwa nawaagiza.

"Waambie nawaomba," nikasema. "Waje. Nawe pia nakuomba."

Hapo akavuka kizingiti. Akaenda dirishani akapiga kelele kama anauza, "Ameomba!"

Ndani ya saa ile nyumba yangu ilijaa. Vyungu vya uji vilikuja vinne, kimoja zaidi ya vya yule mzazi wa Kuze, na kila mwenye chungu akanikazia macho. Nikanywa vyote. Mama Zuhura alinikanda kwa maji moto akinitukana kwa upole: "Mjinga wewe, fomu foo gani hiyo." Kadzo alikaa uani na beseni akafua mpaka kamba ikalegea kwa uzito. Bi Mwanakombo aliletwa ameshikwa mkono, akanipapasa uso, akasema, "Siku ile nilikwambia 'haya', hukusikia ilivyokuwa nzito."

Arobaini yangu ilipokwisha nikaenda mkutanoni na daftari. Nikasema nimechoka, nina watoto watatu, heri kazi apewe Kadzo. Na hapa nitawaambia nisilomwambia mtu: nilitaka wakatae. Nilikuwa nimepanga kukataliwa mara mbili, mara ya tatu nikubali kubaki. Wakasema "Haya" wote pamoja, haraka, kama watu walioulizwa kama wataka chai. Kadzo akalichukua daftari kwa mikono miwili, kwa heshima. Kabla hajaenda Kaloleni nilinunua kachiri kwake, nikafungiwa kwa ukurasa wa daftari. Naona limefika katikati.

Sasa nyinyi. Msiniletee habari ya kungoja mpaka mkaitwa vizuri. Ndiyo, nilikosea kuwaita njiani. Nilikuwa nimembeba mtoto na jua kali, nikarudia tabia yangu. Lakini mzazi wa Kibokoni hakuwakosea. Yeye alikuwa nyuma ya dirisha akisikiliza kandambili zenu. Mkipita mlango wa mtu kama yule, na mkajua hali yake, pandeni, kisha njooni mnitukane mimi baadaye. Nitakuwa nyumbani. Sheria ya karatasi niliitunga mimi, na mimi ndimi niliyelala njaa kwayo, kwa hivyo nina haki ya kuwaambia muivunje. Na atakayekuwa mwitaji baada ya Kadzo, kwa sababu naye atachoka, apande ngazi, aombe.

Kadzo amerudi jana toka Kaloleni. Leo asubuhi nimesikia cheko pembe ya njia, nikajua amekuja kuita watu waende Kibokoni. Alianza nyumba ya kule mwisho. Akaja ya Mama Zuhura, akakaa huko mno, wanacheka, sijui wanacheka nini. Akaja ya jirani. Mimi niko nyuma ya mlango wangu na ungo wa mchele, napembua mchele ulioisha kupembuliwa, na roho yanidunda: akinipita je?

"Hodi, Mama Nuru!"

Nikamwacha abishe mara ya pili. Nikamwacha abishe na ya tatu. Ndipo nikafungua, nimekunja uso.

"Kila siku mimi? Kwani wengine wamekufa?"

"Nimekuja kukuomba," akasema. "Ndimu nne, na nguo za mtoto. Saa sita ushamaliza."

Akateremsha macho mara moja tu, akayainua, akatazama pembeni kama mtu anayehesabu milango iliyobaki. Nilikuwa nimevaa viatu tangu saa moja. Ameviona, na hakusema kitu, na kwa hilo nimezidi kumchukia. Nikachukua ndimu, zilikuwa tayari ndani ya kikapu, nikamfuata.

Nyinyi nawangoja huko.